Matayarisho ya Safari ya Baisikeli kwa Ajili ya Wahitaji

Kila mwaka mvua zinapokoma na barabara kukauka, vijana wetu hushikwa na hamu ya safari. Miaka hii imezuka safari ya namna mpya, iliyo njema kwa nia yake: watu hufanya kikundi, hupanda baisikeli na kwenda masafa marefu, ili kuchangisha fedha kwa ajili ya shule, wagonjwa au yatima. Tangu mwaka 2019 kumekuwapo msafara uitwao Twende Butiama, unaotoka Dar es Salaam hadi Butiama, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, kwa kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Na njiani wasafiri hao hupanda miti na kuzisaidia shule. Huko Kilimanjaro nako, tangu mwaka 2002, wako waliopanda mlima na wako waliouzunguka kwa baisikeli, ili kuchangia vita dhidi ya UKIMWI.

Habari hizi zimewafikia vijana wa kila pembe ya nchi, nao wauliza: Je, nasi hatuwezi? Twawajibu kwamba wanaweza. Lakini jibu hilo lina sharti lake, na sharti hilo ndilo somo letu la leo. Somo lenyewe ni kwa vijana wanaotaka kwenda, na zaidi ni kwa akina baba na akina mama watakaoombwa ruhusa, na pamoja na ruhusa wataombwa senti.

Neno letu ni moja tu: matayarisho ni sehemu ya sadaka yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba sadaka huanza siku ya kuondoka, bendera zinapopepea na watoto kushangilia kando ya njia. Sivyo. Yule Msamaria tunayemjua sote alikuwa na mafuta, alikuwa na divai, alikuwa na mnyama wa kubebea, na alikuwa na fedha za kumpa mwenye nyumba ya wageni. Angekuwa mikono mitupu, huruma yake ingeishia katika machozi. Vivyo hivyo, kikundi kisichojitayarisha hakiwasaidii wahitaji, bali kitawaongezea mzigo, na pengine kitaleta msiba katika nyumba zilizokitakia heri.

Ili tusiseme maneno ya hewani, tumechagua mahali pa mfano, yaani uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa. Huko kuna njia ndefu, baridi, upepo, milima na mteremko mkubwa. Atakayejitayarisha vema kwa Ufipa ataweza kwenda mahali pengi.

KWANZA: KWA NANI, NA KWA NINI?

Kabla ya kununua hata kiraka kimoja, kikundi kijiulize: Tunakwenda kwa ajili ya nani, naye anahitaji nini? Swali hili laonekana jepesi, lakini ndilo linaloshindwa na wengi. Hukaa mjini wakakata shauri kwamba shule fulani ya kijijini inahitaji mipira na jezi, kumbe mwalimu mkuu, kama angaliulizwa, angalisema kwamba wasichana hawana choo chenye mlango. Basi watumwe watu wawili, waende wakasikilize, waongee na mwalimu, na wazazi, na wanafunzi wenyewe. Waandike jambo moja tu lenye bei inayojulikana na mwisho unaoonekana.

Wengine hupenda kutoa baisikeli kwa wanafunzi wanaokwenda mbali kwa miguu. Ni kipaji kizuri, maana mtoto anayefika darasani hajachoka hujifunza. Lakini baisikeli ni mashine, nayo itaharibika. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, limegawa baisikeli imara katika nchi nyingi za Afrika, na pamoja na baisikeli limewafundisha mafundi wa vijijini na kushughulikia vipuri. Hilo ndilo fundisho. Baisikeli ishirini zisizo na fundi, baada ya mwaka mmoja, huwa vyuma ishirini vilivyoegemezwa ukutani. Afadhali baisikeli kumi na mbili, na kijana mmoja wa kijiji hicho aliyefundishwa kuzitengeneza na kupewa spana zake.

PILI: FEDHA

Hapa ndipo misafara mingi hupata aibu, wala si kwa wizi, bali kwa kutofikiri. Tufanye hesabu ya mfano. Wapanda baisikeli ishirini wamekwenda siku nne, na kila mmoja amechangisha shilingi 100,000 kwa jamaa na majirani. Jumla ni shilingi 2,000,000. Fulana zenye jina la msafara, kila moja shilingi 15,000, zimekula 300,000. Chakula cha shilingi 10,000 kwa kila mtu kwa siku kimekula 800,000. Petroli na posho ya dereva wa motokaa inayoufuata msafara zimekula 400,000. Kilichobaki ni shilingi 500,000.

Msomaji mpenzi, itazame hesabu hiyo tena. Hakuna aliyeiba. Hata hivyo, yule mjane aliyetoa shilingi elfu moja, akiamini kwamba anaezeka darasa, amechangia bati kwa shilingi mia mbili na hamsini tu. Mia saba na hamsini zimekwenda katika fulana, chakula na petroli. Nani alimwambia? Hakuna. Na siku atakapojua, atafunga mkono wake, si kwa msafara huo peke yake, bali kwa kila atakayebisha hodi baada yake.

Kwa hiyo kuwe na madaftari mawili, yasichanganywe kamwe. Daftari la kwanza ni la gharama za safari: chakula, petroli, matengenezo, malazi. Gharama hizo watalipa wasafiri wenyewe kabla ya kuondoka, au mdhamini aliyeelezwa wazi kwamba fedha yake ni ya gharama. Daftari la pili ni la wahitaji, na fedha yake isiguswe hata kwa kununua maji. Jambo hili lawezekana. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 1980 watu 36 walianzisha safari ya baisikeli iitwayo Pan-Mass Challenge, kwa ajili ya matibabu na uchunguzi wa saratani katika taasisi ya Dana-Farber. Safari hiyo imekuwa kubwa mno, na kanuni yake ni kwamba kila senti iliyochangishwa na waendeshaji huifikia taasisi. Gharama hulipwa kwa ada za waendeshaji na kwa wadhamini. Wakubwa wameweza; kikundi cha watu ishirini kitashindwaje?

Fedha itunzwe mahali ambapo haiwezi kutolewa bila sahihi za watu wawili au watatu. Na hesabu isomwe mara mbili mbele ya watu wote: mara moja kabla ya safari, na mara moja baada yake. Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

TATU: NJIA NA MAJIRA

Uwanda wa Ufipa umeinuka katikati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Maji ya maziwa hayo yako kwenye kimo cha mita 800 hivi juu ya bahari, bali mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi. Tofauti hiyo ya mita elfu moja ndiyo siri ya nchi hiyo. Aliye juu uwandani atapata vilima vya kupanda na kushuka siku nzima. Atakayeuacha uwanda kuelekea ziwani atateremka sana, na kurudi kwake kutamtoa jasho.

Njia iliyo nzuri kwa kikundi kinachoanza ni ile ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga. Wazee wanaikumbuka kwa vumbi lake la kiangazi na matope yake ya masika. Baada ya mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2008 kati ya Tanzania na Marekani, barabara hiyo ilitiwa lami kwa msaada wa Millennium Challenge Corporation, na kazi ikagawanywa sehemu tatu: Tunduma hadi Ikana, kilomita 64 hivi, Ikana hadi Laela, kilomita 64 nyingine, na Laela hadi Sumbawanga, kilomita 95. Jumla ni kilomita zipatazo 223. Mgawanyo huo wa wajenzi wawafaa hata wapanda baisikeli, siku tatu kwa sehemu tatu. Lakini waangalie kwamba siku ya mwisho, wakati miguu imekwisha choka, ndiyo iliyo ndefu kuliko zote. Basi siku ile waondoke mapema na kupumzika sana Mpui.

Majira mazuri ni kuanzia Juni hadi Septemba, kwa maana mvua huanza mnamo Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Lakini kiangazi cha Ufipa kina mambo mawili ambayo mgeni hayajui. La kwanza ni baridi. Mtu wa pwani akidhani kwamba kiangazi ni joto, akaenda na shati jepesi katika Juni au Julai, atatetemeka usiku kucha na asubuhi hataweza kukaza vidole kwenye breki. Achukue sweta, kofia ya sufi na soksi za mikononi. La pili ni upepo. Wakati huo kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na uwandani hakuna miti mingi ya kuuzuia. Aendaye kutoka Tunduma kuelekea Sumbawanga huelekea kaskazini-magharibi, hivyo upepo humsukuma mgongoni. Arudiye kwa njia ile ile hupigwa nao usoni kutwa nzima. Kikundi kilichoanzia Sumbawanga kwa kutojua jambo hili kitafika Tunduma kimechoka mara mbili. Ushauri wetu ni huu: waanzie Tunduma, na kurudi wapande basi.

Tena wakumbuke saa. Sumbawanga iko mbali upande wa magharibi, na jua huchomoza huko nusu saa hivi baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Katika Juni na Julai, saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Atakayepanga kuondoka saa hiyo, kama alivyozoea pwani, atakuwa barabarani bila nuru pamoja na malori. Aondoke saa moja na nusu, kukiwa kweupe, na kabla ya saa kumi alasiri awe amefika.

Malori nayo yasisahauliwe. Tunduma ni mji wa mpaka, na magari makubwa ya Zambia na Kongo hujipanga humo. Kikundi kisianze safari katikati ya mji. Kipeleke baisikeli kwa gari mpaka nje, kwenye barabara ya Sumbawanga, ndipo kipande.

Wako watakaotaka kwenda mbele zaidi, mpaka Mpanda. Hao wajue kwamba barabara hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, yenye simba, nyati na tembo, pasipo kuwasahau mbung'o. Mahali hapo si pa kujaribia ushujaa. Baisikeli zipakiwe katika gari, na maofisa wa hifadhi waulizwe kwanza. Wengine watavutwa na Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, kilomita 112 hivi kutoka Sumbawanga kwa njia ya Matai. Njia hiyo ni nzuri kwa macho, lakini inashuka mita elfu moja, na habari ya mteremko twaieleza sasa hivi.

NNE: BAISIKELI

Wafipa wa kale waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo zilizosimama ndefu kumzidi mtu, ambazo waliziita malungu. Walijua kwamba chuma hudai subira na utaratibu. Basi na watoto wa siku hizi wakijue hivyo chuma wanachokipanda.

Si lazima baisikeli iwe ya bei kubwa. Baisikeli nzito ya kawaida, ile inayobeba magunia ya mahindi na ndoo za maji, itafika Sumbawanga ikiwa imetengenezwa. Ipelekwe kwa fundi majuma mawili kabla ya safari, wala si jana yake, ili kasoro ya matengenezo ionekane mapema. Fundi aangalie mambo haya: gololi na grisi za magurudumu, spoki zote, kwa kuzipiga kidole na kusikia iliyolegea, mnyororo, usiwe umerefuka, pedali, tairi, zisiwe na nyufa, na karia, kama imekazwa sawasawa. Kiti kiinuliwe kiasi kwamba mguu unapokuwa chini kabisa, goti limekunjwa kidogo tu. Wengi huendesha kiti kikiwa chini, na baada ya kilomita arobaini hulalamika magoti, wakidhani ni udhaifu wao.

Breki zinahitaji maneno yake. Katika mteremko wa kwenda ziwani, mtu na mzigo wake wakishuka kwa kasi, rimu zinazobanwa bila kuachiwa hupata moto. Moto huo waweza kulegeza gundi ya viraka, hata mpira ukapasuka mtu akiwa katika mwendo. Kwa hiyo asibane mfululizo, bali abane na kuachia, gurudumu la mbele na la nyuma kwa zamu. Asimame mara kwa mara, na rimu zipoe. Raba za breki ziwe mpya, na jozi nyingine iwe mfukoni. Asiye na breki mbili zinazoshika asiruhusiwe kuteremka, hata akiwa ndiye mwenyekiti wa safari.

Kila msafiri achukue mpira mmoja wa akiba, viraka na gundi, pampu na spana inayolingana na nati zake. Fundi wa msafara achukue mnyororo, spoki, nyaya za breki na tairi mbili. Na kila msafiri afundishwe kuziba pancha mwenyewe kabla ya kuondoka, kwa mikono yake, si kwa kutazama.

TANO: MWILI

Mwili hauamrishwi siku moja. Majuma manane ya mazoezi yatosha kwa kijana mwenye afya. Aanze na kilomita ishirini mara tatu kwa juma, na siku moja ya juma aongeze masafa kidogo kidogo, mpaka afike themanini. Juma moja kabla ya safari apunguze, apumzike. Kipimo chetu ni hiki: asiyeweza kwenda kilomita sitini Jumamosi, na kesho yake baada ya Misa kwenda sitini nyingine akiwa na mzigo wake, bado hajawa tayari, naye aambiwe hivyo kwa upole. Na kila mmoja, hasa aliyepita umri wa ujana au mwenye pumu, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, amwone mganga kwanza.

Njiani, kanuni ni kunywa kabla ya kiu na kula kabla ya njaa. Uji mzito wa ulezi asubuhi, viazi vitamu, ndizi na karanga njiani, na jioni ugali, maharage au migebuka ya ziwani: chakula hicho cha nchi chatosha kabisa, wala hapana haja ya vyakula vya makopo. Anayetoka jasho jingi hupoteza maji na chumvi pia. Atengeneze kinywaji kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Asizidishe chumvi. Atakayelala Kasanga achukue chandarua.

SITA: KWENDA PAMOJA

Twafika sasa kwenye jambo gumu kuliko milima. Katika kila kikundi wako wenye nguvu na wako wanyonge. Wenye nguvu hupenda kushindana. Baada ya saa moja wamekwisha potea mbele, na nyuma amebaki binti mmoja amepasukiwa mpira, peke yake, na simu yake haishiki mtandao. Twauliza: Mtu anayesafiri ili awasaidie watu asiowajua, naye amemwacha njiani mwenzake anayemjua, anamdanganya nani? Huruma yake imeruka jirani ikaenda mbali.

Basi mwendo wa kikundi uwe mwendo wa yule wa mwisho. Watu ishirini wagawanywe katika mafungu matatu, na kila fungu liwe na kiongozi mbele na mtu imara nyuma, ambaye hapitwi na msafiri anayempita mbele wala haachi mtu nyuma yake. Wahesabiane kila wanaposimama. Waende mstari mmoja, upande wa kushoto, na kati ya fungu na fungu waache nafasi, ili lori lipate mahali pa kuingia. Kila mtu avae kofia ngumu na nguo inayoonekana kwa mbali. Ni marufuku kushika lori mlimani, kuziba masikio kwa muziki, na kuendesha usiku. Motokaa ya msaada ifuate nyuma, na ndani yake awepo mtu aliyejifunza huduma ya kwanza. Hospitali na zahanati zilizo njiani ziandikwe mapema pamoja na simu zao, na polisi wa usalama barabarani na wakuu wa wilaya waarifiwe.

Na kila msafiri aambiwe tangu mwanzo kwamba kupanda motokaa hiyo si aibu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana wengi waliandamana kwa miguu masafa marefu kuliunga mkono, na kijana Seti Benjamin akafariki njiani. Twalitaja jina lake kwa heshima, wala hatumhukumu mtu. Twasema tu kwamba anayewakusanya vijana na kuwaweka barabarani, hata kwa jambo bora namna gani, amepokea maisha yao mikononi mwake. Kijana mwenye ari hatasema, Nimechoka. Ni juu ya kiongozi kumwangalia usoni na kusema kwa niaba yake.

SABA: WENYEJI, NA BAADA YA SAFARI

Mahali msafara unapolala, iwe shuleni au parokiani, wenyeji watataka kuchinja kuku. Ndiyo desturi yetu, nayo ni njema. Lakini watu ishirini wenye njaa ya kilomita tisini wanaweza kumaliza akiba ya kijiji kwa usiku mmoja. Wasafiri wachukue unga wao na maharage yao, waombe moto na maji tu, na kuku mmoja wa heshima wampokee kwa shukrani. Wanawake wapewe chumba chao. Asubuhi wafagie walipolala. Tena wasiwapige picha watoto wenye nguo zilizochanika ili kuwaonyesha wafadhili. Umaskini wa mtu si mapambo ya msafara.

Na wakifika Sumbawanga, wakashangiliwa, wasidhani kazi imekwisha. Ndani ya mwezi mmoja hesabu isomwe. Baada ya mwaka mmoja, watu wawili warudi shuleni, wakatazame kama mlango wa choo bado unafungika, na kama baisikeli bado zinakwenda.

Nchi hiyo ya Rukwa na jirani zake inao mfano wa sadaka isiyokimbia. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomea uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, naye akabaki huko akiwatibu watu na kuwafundisha dini mpaka kufa kwake mwaka 1956. Safari yake ilikuwa ndefu kuliko ya msafara wowote wa baisikeli, lakini watu hawamkumbuki kwa safari. Wanamkumbuka kwa kukaa.

MASWALI YA BABA NA MAMA

Basi, wazazi wapenzi, mtoto wenu atakapokuja na karatasi ya michango mkononi na macho yake yanang'aa, msimkatalie upesi, wala msimkubalie upesi. Mwulizeni maswali haya matano:

1. Mnaokwenda kuwasaidia, je, mmewauliza wanachohitaji?
2. Nani atalipa chakula na petroli, na daftari liko wapi?
3. Umekwenda kilomita sitini siku mbili mfululizo, ukiwa na mzigo?
4. Breki zako ziko namna gani? Ilete baisikeli tuione.
5. Ukichoka njiani, nani atakuwa nyuma yako?

Akiweza kuyajibu yote, mpeni ruhusa na mpeni mchango, na mwenye kuweza ampe na mpira wa akiba. Asipoweza, mwambieni kwamba safari haijakatazwa ila haijaanza, na kwamba kiangazi kingine kitakuja. Maana mwenda pole hajikwai, na shule inayongoja bati itangoja mwaka mmoja zaidi kwa moyo mweupe kuliko kupokea bati pamoja na habari ya msiba.